Wimbo wa Hina wa Bibi Fitnat

Cunda, Uturuki, 9 Oktoba 1988

Mwanangu Nejat, nuru ya nyumba,

Naanza kwa kukubusu macho yote mawili, la kulia kwanza. Ukitaka kujua hali zetu, ni nzima, isipokuwa goti la baba yako ambalo linajua mvua kabla ya redio. Zeituni mwaka huu zimeinamisha matawi mpaka chini. Bi Nuriye jirani anakusalimu. Binti yake naye anakusalimu, ingawa hakusema, nimemwona tu usoni.

Barua yako ilifika. Nimeisoma mwenyewe, nikaenda kuisoma dukani, nikaisoma kwa muoka mikate, na Ijumaa nikawasomea wanawake wote tukichambua zeituni. Pale pa kuumwa tumbo niliparuka. Nimewaambia Wagiriki wenyewe wamekuita kwa karatasi yenye mhuri, kwa kuwa nchi yao nzima haina mpiga udi kama wewe. Kama sivyo hasa, basi ni karibu na hivyo.

Sasa nikuulize juu ya huyo Sifis. Unasema anapiga lira, hiyo fidla yao ndogo, mnakaa nyumba moja kwa mama yake huko kijijini Krete, mnafanya mazoezi kila siku mtoe kaseti moja, nyimbo sita zao na sita zetu, halafu mwezi wa sita mpande jukwaani Rethimno mbele ya watu. Vizuri. Lakini mtu anayekupa chumba, anakupa chakula, mama yake anakufulia, yeye anapata nini? Nimesoma mpaka darasa la tatu tu, ila najua Mgiriki hampi Mturuki kitanda hivi hivi. Mwaka jana tu tulikuwa tunalala na redio tukijiuliza kama wataanza vita asubuhi.

Tena kuna neno uliliandika ukalifuta kwa wino. Nimeinua karatasi juani. Linaanza na A. Ni nani?

Usimfundishe Sifis kila unachojua. Na konokono wao usile.

Mama yako, Saadet


Krete, 3 Novemba 1988

Mama,

Naibusu mikono yako na ya Baba. Tumbo limepona. Konokono nimekula mara mbili, unisamehe.

Uliyemwona juani ni Argiro, dada yake Sifis. Nilimfuta kwa sababu nilijua utafanya hivyo hivyo. Ameposwa na fundi wa matrekta, harusi ni mwisho wa Januari. Kwa hiyo mwambie binti wa Bi Nuriye asikate tamaa, au afadhali usimwambie kitu.

Sifis hapati chochote ila tabu. Yeye akikaza nyuzi zake asubuhi ndiyo basi, anapiga mpaka jua linazama. Mimi kila baada ya wimbo nainamia udi kukaza nyuzi upya, na wanakijiji wanauliza yule Mturuki kapoteza nini humo ndani. Halafu zile sauti zetu za katikati, zinazokaa baina ya sauti mbili, kwake ni makosa. Wiki ya kwanza alidhani nampotosha makusudi. Mimi nilidhani ananikimbiza makusudi ili nionekane siwezi. Tulinuniana siku mbili mezani. Mama yake, mjane anaitwa Kaliopi, akatoka jikoni na unga mikononi akatuambia mmoja wetu anakimbia na mwingine anachechemea, tuanze kwa kutembea. Tukaanza upya, polepole mno. Jana nilimsikia anatia sauti ya katikati bila kujua kama ametia. Sikumwambia.

Kigiriki alichonifundisha Bibi kinawachekesha. Wanasema naongea kama babu zao waliokufa.

Nina ombi. Nataka kumpa Argiro zawadi ya harusi: ule wimbo wa hina wa Bibi. Niandikie aliupata wapi, nipate la kusema kabla ya kuupiga.

Nejat


Cunda, 27 Novemba 1988

Mwanangu, pambo la mama yako,

Sisi wazima. Mafuta ya mwaka huu ni ya kijani, ukitia mkate unataka kulia. Baba yako amenunua kofia na anadhani amekuwa waziri.

Unauliza Bibi yako Fitnat aliupata wapi. Alizaliwa nao. Tangu walipoletwa hapa kutoka Krete, hakuna bibi harusi wa Cunda aliyetoka kwao bila mama yangu kumliza. Unajua mwenyewe, binti asipolia kwenye hina yake watu wanasema alikuwa amechoka na kwao. Kina mama walikuwa wanakuja wiki tatu kabla kuweka nafasi kwake. Kulikuwa na mmoja, binti wa mwenye kinu, mkavu, hakulia hata siku aliyong'olewa jino. Mama akaanza. Kufika ubeti wa pili binti analia mpaka sinia la hina limepinduka. Na tangu Mama afe wananiita mimi. Mwezi huu nimemwimbia binti wa meya, watu mia mbili, nikamliza yeye na mpiga picha wake.

Lakini huo usiwape. Unazo nyimbo mia nyingine. Wape ule wa wachuma zabibu, ni mchangamfu na hauna madhara. Huyo Sifis akiusikia leo, kesho umekuwa wake, na kwenye kaseti ataandika jina la babu yake. Watu wa namna hiyo wanakaa karibu na mtu wakisubiri jambo moja tu. Huo ubaki hapa Cunda. Nimesema kama mama, na sielezi zaidi.

Bahasha yako ya mwisho ilikuwa na gundi mara mbili. Ama umeibandika vibaya, ama Rifki wa posta ana macho marefu.

Saadet


Krete, 12 Januari 1989

Mama,

Naibusu mikono yenu. Barua yako imenifanya nione haya kukaa meza moja na watu hawa. Nala kwao, nalala kwao, halafu nifiche nyimbo kama mwizi anayeogopa wezi.

Nitaupiga. Lakini ili utulie, nimefanya nusu ya ulichotaka: sikumpigia Sifis hata mara moja. Atausikia siku ya harusi pamoja na wengine. Hivyo hataweza kuuiba kabla.

Nejat


Cunda, 19 Februari 1989

Nejat,

Nakubusu. Hali zetu nitakueleza baadaye, kwanza hizi zako.

Nina bahasha yako mezani. Ndani kuna mistari minne. Baridi ipo, afya ipo, salamu kwa Baba, udi uko salama. Nimeisoma mpaka nimeikariri, haichukui muda. Mhuri si wa kijiji, ni wa mjini Rethimno. Karatasi ina picha ya hoteli kwenye pembe. Sifis hayumo. Mama yake hayumo. Harusi haimo, na wewe ni mtu uliyeniandikia ukurasa mzima juu ya mbwa wao. Mtu akitoka harusini huandika walikula nini. Wewe umeniandikia udi uko salama. Kwani nani alitaka kuuvunja?

Nimewaambia watu dukani kwamba umehamia hoteli kwa sababu umekuwa mtu mkubwa. Bi Nuriye alisema hongera, lakini alisema huku anatazama pembeni.

Nataka kujua mambo matatu. Wamekutaka ubatizwe? Yule Argiro hakuolewa? Au kaseti imetoka na jina lako halipo? Ukiwa umefanya jambo la aibu, niandikie, nitalibeba, nimebeba mengi. Ukiwa umefanyiwa, niandikie pia, nitakuja huko na goti la baba yako likiwa mkongojo.

Usinitumie tena mistari minne. Sikuzaa mtu wa mistari minne.

Mama yako


Rethimno, 5 Machi 1989

Mama,

Naibusu mikono yako. Ulikuwa sahihi kuhusu mhuri. Nilikaa hotelini siku tano, sasa nimepanga chumba juu ya duka la viatu.

Argiro ameolewa. Baada ya kanisa walitandika meza uani, kijiji kizima. Sifis alipiga, watu wakacheza mpaka vumbi. Nikasimama na udi. Nikasema kwa Kigiriki cha Bibi kwamba hii ni zawadi kutoka kwa bibi yangu, aliyezaliwa kisiwa hiki hiki. Wakapiga makofi. Nikaanza.

Walinyamaza, nikadhani wamependezwa. Nikaona uma zinawekwa chini. Vikongwe wakasimama, mmoja akavua shali lake akamfunika Argiro kichwa kizima, taji na yote, unavyomfunika mtoto mvua ikinyesha. Halafu Mama Kaliopi akavuka ua, akaweka kiganja juu ya nyuzi.

“Nani amekutuma?” akaniuliza.

Mama, huku huo si wimbo wa harusi. Huku kijijini kwao unaimbwa mtoto mdogo anapotolewa ndani kwenda kuzikwa. Haupigwi siku nyingine yoyote. Haufundishwi. Kaliopi alisema mtu anaujua kwa kufiwa tu. Na mimi nimesimama mbele ya bibi harusi nimeupiga kwa tabasamu.

Nilitaka Sifis awaambie sikujua. Alinitazama akasema, “Miezi minne tunapiga kila siku, umenipigia mpaka nyimbo za jeshini. Huu ndio ulionificha. Kwa nini?”

Nimjibu nini? Nimwambie mama yangu alisema wewe ni mwizi?

Sasa kijiji kinaamini nilikuja kumwekea binti yao kilio juu ya kichwa. Argiro akipatwa na homa tu, ni mimi. Kaliopi amesema lira ya mwanawe haikai tena pembeni ya udi. Matangazo ya onyesho bado yako ukutani, tarehe 3 Juni, majina yetu mawili, na mmoja hazungumzi na mwenzake.

Mama, ulinikataza bila kunieleza. Ulijua?

Nejat


Cunda, 20 Machi 1989

Mwanangu uliyeonewa,

Nakubusu macho. Huku mlozi umechanua. Nimefua mazulia yote, nimekosa cha kufua nimefua na mapazia.

Nimesikia habari zako na damu imenichemka. Huyo Kaliopi ni nani hata aweke kiganja chake chenye unga juu ya udi wa mwanangu? Watu wale kila kitu wanakigeuza. Wimbo wetu mzuri wameuchukua wakaufanya wa msiba, halafu wanatulaumu sisi. Nilikwambia. Mwanzo kabisa nilikwambia hakuna kitanda cha hivi hivi.

Rudi nyumbani. Hapa Ayvalik, ng'ambo ya daraja, kuna hoteli mpya pwani, wanatafuta wapigaji kwa ajili ya watalii. Utapiga umevaa koti jeupe. Nimeshamwambia meneja kwamba ulialikwa na serikali ya Ugiriki na ukawakatalia.

Swali lako la mwisho sikulisoma vizuri, wino ulikuwa umefifia.

Saadet


Rethimno, 4 Aprili 1989

Mama,

Wino haukufifia. Naandika kwa herufi kubwa. ULIJUA?

Jana Sifis alikuja, akasimama mlangoni, hakuingia. Aliuliza kitu kimoja, kama nimepata jibu kutoka nyumbani. Alisema yeye mwenyewe yuko tayari kuniamini bila sababu, ila hawezi kumwambia mama yake amwamini mtu bila sababu. Mwezi wa tano ukiisha sina la kuwaambia, atabandua yale matangazo na mimi narudi. Sitapiga hotelini. Sijui kama nitapiga popote.

Nejat


Cunda, 16 Aprili 1989

Nejat,

Nimefunga, na mtu aliyefunga hadanganyi vizuri. Kwa hiyo kaa chini.

Nilijua.

Mama yangu Fitnat kabla yangu alizaa mtoto wa kiume huko Krete. Alikuwa na miezi tisa, meno manne, mawili juu mawili chini. Alishikwa na homa, akafa. Walipomtoa ndani, majirani wa Kigiriki walimwimbia wimbo wao huo, kwa kuwa walikuwa wanazikana hivyo, dini mbali, ujirani mbali. Siku ya nane wakaambiwa Waislamu wote wateremke bandarini, meli imekuja, wanahamishiwa Uturuki. Siku ya nane, Nejat. Udongo haujakauka. Hata arobaini hakumfikishia.

Wakaletwa hapa. Hakujua neno la Kituruki. Mtu akisikika barabarani anaongea Kigiriki anakemewa aongee lugha ya nchi. Mume wake anamwambia nyamaza, imamu anamwambia kuomboleza kwa sauti si dini. Mwanamke huyo angelilia wapi? Kuna mahali pamoja tu mwanamke analia mbele za watu na hakuna anayemwuliza kwa nini. Akaondoa maneno yale, akatia maneno ya bibi harusi, akaenda kwenye hina. Watu wakamsifu. Wakamwita tena. Alimzika mwanawe kila wiki ya majira ya ndoa, miaka arobaini, na wakampa lozi za sukari arudi nazo nyumbani.

Aliniambia siku ya hina yangu mimi. Nilimwuliza mbona unalia kunishinda. Akainama akanieleza sikioni. Mikono yangu ilikuwa imefungwa vitambaa na hina ndani, sikuweza hata kumshika.

Na mimi sikumwambia mtu. Fikiria mwenyewe. Mabibi harusi wote wa Cunda wametolewa kwao kwa wimbo wa jeneza. Aliyeachika, asiyezaa, ambaye mumewe alizama na mashua, wote watakuja kugonga mlango wangu wakisema ni ninyi. Na langu ni baya zaidi, kwa sababu mama alilia cha kwake, lakini mimi nilijua na bado nikaendelea kuuimba. Wananiita, na mimi napenda kuitwa.

Sifis sikuwa na ubaya naye. Nilitaka sababu ya kukukataza, nikamchukua yeye kwa kuwa alikuwa mbali na hawezi kunijibu.

Msomee Kaliopi barua hii yote, pamoja na ile ya mwezi uliopita, pale nilipomsema kiganja. Nimevuka daraja hadi posta ya Ayvalik kuituma mwenyewe. Rifki hakuigusa.

Saadet


Rethimno, 30 Aprili 1989

Mama,

Naibusu mikono yako, mara mbili leo.

Nilimsomea jikoni. Alisikiliza amesimama, anamenya artichoki, mboga yao ya magamba. Nilipofika mwisho akaniambia nirudie zile siku nane. Nikarudia. Akaketi. Ndipo nikakumbuka alivyosema, kwamba mtu anaujua wimbo huo kwa kufiwa, nikaelewa kuwa sikuwahi kumwuliza yeye aliujuaje. Sifis alikuwa anatazama sakafu.

Alichosema ni hiki. Mwisho wa kila ubeti kuna nafasi, hapo linatajwa jina la mtoto. Bibi alikuwa anaijaza kwa kusema bibi harusi. Ukiimbwa bila jina, wanavyoamini wao, unatangatanga kutafuta wa kumshika. Hicho ndicho kilichowatisha kwa Argiro. Lakini ukiimbwa hata mara moja na jina lake mwenyewe, unatulia. Kaliopi ataimba yeye. Mahali yalipokuwa makaburi ya Waislamu sasa ni shamba la kunde, mwenye shamba ameruhusu. Sifis atashika lira na mimi udi, kijiji kitakuwepo. Baada ya hapo, amesema, tarehe 3 Juni hana neno.

Kinachotakiwa ni jina tu. Mama, umeandika mpaka hesabu ya meno yake. Jina hukuandika. Nimegeuza karatasi juani kama wewe. Halipo, wala halikufutwa.

Nejat


Cunda, 9 Mei 1989

Mwanangu,

Idi imepita, wamekuja watu wengi kutushika mikono. Baba yako ameliwa pipi zake zote na watoto wa mtaa. Binti wa Bi Nuriye ameposwa na mtu wa benki, wakaja kuniita kwa ajili ya hina. Nimewaambia sitaimba. Nuriye akauliza una nini wewe, umepata maringo ya Ulaya? Nikamwambia ndiyo.

Nimeshika kalamu siku tatu.

Ulipozaliwa, mama yangu alikupokea kabla sijakuona. Alikuwa hajawahi kuniomba kitu, hata maji. Baba yako alishachagua uitwe Orhan, kwa marehemu baba yake. Mama akasema naomba nichague mimi. Baba yako akanuna wiki nzima, lakini nilimpa mama alichotaka, na nilipomsikia anakuita mara ya kwanza nilijua anaita watu wawili.

Jina lake ni Nejat.

Sasa unaona kwa nini nilizunguka kurasa zote zile. Mama gani anachukua jina la mwanawe aliye hai, anamwandikia mwanamke wa ng'ambo ambaye hajapata kumwona, amwimbie la jeneza mbele ya kijiji? Nimewaza labda ndicho walichokuwa wanasubiri. Nimewaza nidanganye, nitaje Hasan. Lakini yule wa miezi tisa amengoja miaka sitini na mitano, na hajawa Hasan hata siku moja.

Kaliopi simwamini bado. Namwamini tu kwa sababu aliomba siku nane zirudiwe.

Mwambie ataje na mama, Nejat wa Fitnat, kila ubeti, asiache. Wewe ni Nejat wa Saadet, hilo liwe wazi kwa kila anayesikia, hapo shambani na kwingineko. Usikae, simama. Sifis asimame karibu nawe, bega kwa bega, mwambie ni mimi nimemwomba.

Nimekulea kuitika unapoitwa, na wewe ni mtoto mtiifu ukiacha mambo ya konokono. Lakini siku hiyo, atakapoliita jina, wewe piga udi. Ataliita kwa uchungu, tena kwa sauti nzuri, na utadhani ni mimi.

Usiitike.

Mama yako